Tangazo la Panya

Nilipoolewa, watu wa kwetu walisema nimepata mume msafi. Walisema kwa sifa, na ilikuwa kweli. Mume wangu alikuwa Mbondei wa Muheza, amesomeshwa na mapadri, akaletwa Masasi kufanya kazi ya ukarani. Siku ya kwanza nilipomwona kanisani, kola ya shati lake ilikuwa nyeupe kuliko ya mwalimu wetu mkuu. Kila mtu hunawa mikono kabla ya kula, lakini yeye alinawa hata kabla ya kufungua kitabu. Mama yangu mdogo aliniambia, "Huyo ukimfulia vibaya atakurudisha." Tukacheka.

Haukupita muda mrefu akahamishiwa Newala kutunza ghala la chakula cha akiba. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, ingawa sisi hatukujua kuwa ni ya mwisho. Ghala lilijengwa kwa mawe, paa la mabati, sakafu ya saruji iliyokwisha pasuka hapa na pale. Humo liliwekwa mtama, mahindi na makopa, ule muhogo mkavu ambao watu wa uwandani huku ndio huutegemea mvua zikikataa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ghala, vyumba viwili na jiko la nje la udongo. Upande wa pili wa barabara palikuwa na soko.

Mimi nilipewa kazi ya kuwasimamia akina mama waliopepeta nafaka na kufagia. Sikupewa kwa sababu ya kusoma sana. Nilipewa kwa sababu ya ulimi. Baba yangu alikuwa Mmakua wa Chiungutwa, mtumishi wa kanisa, na mama yangu Mmakonde wa Mnyambe. Kwa baba tulisema Kimakua, na tulipokwenda kwa wajomba tulisema Kimakonde. Kiswahili nilijifunza shuleni, nikakikamilisha kwa mume wangu. Wale akina mama karibu wote walikuwa Wamakonde, na mume wangu hakujua Kimakonde zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Kwa hiyo alichosema yeye kilipita kwangu, na walichosema wao kilipita kwangu pia. Wao waliniita Mama Karani.

Kazi yenyewe niliipenda. Mume wangu alikuwa na sheria zake. Magunia hayakulazwa chini, yalipangwa juu ya mbao ili unyevu usipande. Hayakugusa ukuta, kila upande iliachwa njia mtu apite na ufagio. Mtama ukianza kutoboka tuliumwaga juani kwenye majamvi, tukachekecha, na fukusi wakibaki kwenye chekeche wanatembea kama mchanga mweusi tuliwachoma moto. Maji Newala yalikuwa tabu, wanawake waliyafuata chini bondeni na kupanda nayo mlima, kwa hiyo hatukunyunyiza sakafu maji. Tulikatakata majani mabichi ya muhogo, tukayatawanya, tukafagia nayo, vumbi likashikamana na majani badala ya kuingia puani. Tulipomaliza tulikaa kivulini tukapiga soga. Niliketi nao jamvi moja, tukazungumza Kimakonde, nikajiona nipo kwa wajomba.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo inabidi nilieleze. Sisi watu wa huku tunakula panya. Si panya yeyote, ni yule wa shambani na porini, anayetegwa baada ya mavuno nyasi zikishachomwa. Huchomwa manyoya, hutumbuliwa, huchomekwa kwenye kijiti, hukaushwa kwa moshi. Ana mafuta matamu. Kwa utani na kwa heshima tunamwita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, kwa sababu bahari iko mbali nasi. Mimi nimekua namla. Mama yangu alikuwa akimtia karanga, na sisi watoto tuligombania kichwa.

Mume wangu hakujua. Siku tulipohamia Newala, lori letu lilisimama njiani, na watoto wakaja mbio na vijiti vya panya waliochomwa, wakipunga juu ili tuone. Dereva alinunua. Mume wangu aligeuza uso upande wa pili, akaweka leso puani.

"Hata kwenu wanakula hivi vitu?" aliniuliza.

"Wapo wanaokula," nikasema.

Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Maneno yale hayakuwa uongo, lakini nilijua ameyasikia alivyotaka kuyasikia, na nilikaa ndani ya lile lori nikitazama magoti yangu mpaka tulipofika. Harufu ya nyama aliyonunua dereva ilikuwa inanijia. Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza polepole asinione.

Mwaka ambao nataka kuusimulia, makopa yaliletwa mengi kuliko nafasi ya ghala. Zile njia za ufagio zikajazwa magunia, na magunia mengine yakaegemea ukuta. Mume wangu alilalamika, akaambiwa apokee tu. Panya wakaingia. Kwanza tuliona mavi yao, punje nyeusi kando ya mlango. Halafu tukaona magunia yaliyotobolewa pembeni, unga unavuja. Halafu tukawa tunawasikia mchana kweupe, wakikimbia juu ya boriti sisi tupo chini tunapepeta. Ghala likashika harufu ya mkojo ambayo haikutoka hata kwa kufungua milango yote miwili. Paka aliyeletwa alikimbia. Mitego ya waya ilishika wachache, wengine wakajifunza kuipita.

Bwana Shamba, Mzungu kutoka mkoani, alikuja kukagua. Alipitisha kiganja juu ya gunia, akakigeuza akakitazama, kisha akamtazama mume wangu. Akasema kwa Kiswahili chake, mbele yetu sote na machekeche yetu mikononi:

"Hii ghala, au hii choo?"

Mume wangu alisimama kama mwanafunzi. Nilitamani sakafu inimeze. Akina mama waliinamisha vichwa, maana hata kama mtu si wa kwenu, kumwona mwanamume anasemwa hivyo mbele ya mkewe si jambo la kutazama. Siku ile hakula. Alikoga, akakoga tena, katika mji ambao maji yanapanda mlima kichwani mwa mtu.

Bwana Shamba aliacha kopo la sumu. Ilikuwa unga mweusi wenye harufu ya kitunguu saumu, harufu ya jikoni kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu aliichanganya mwenyewe na unga wa mahindi, amevaa glavu na kufunga kitambaa puani, akaitega nyuma ya magunia. Sisi tulikatazwa kuingia. Alishika ufunguo mwenyewe. Sijapata kuona mtu akifanya kazi kwa uangalifu namna ile.

Asubuhi panya walikuwa wametapakaa kila mahali. Vibarua wawili waliwazoa kwa sepetu wakawatupa katika shimo lililochimbwa nyuma, karibu na ua. Amri ilikuwa wafukiwe palepale. Lakini walipokuwa wanawatupa, malori ya mtama yakafika, na Bwana Shamba alikuwa ameagiza malori yasicheleweshwe, basi kila mtu akaitwa kupakua. Vibarua wakaacha sepetu, mume wangu akaenda kuhesabu magunia, na shimo likabaki wazi mpaka siku ya pili.

Siku ya pili mume wangu alikwenda kulitazama. Alirudi jikoni mbio, uso umempauka.

"Hawapo," akasema. "Wamechukuliwa. Wamebaki wa chini tu."

"Nani awachukue?"

"Unaniuliza mimi? Watu wanawala! Watakufa watu hapa, na sumu ni yangu."

Nataka nimtendee haki. Hakuwa anatafuta kumdharau mtu. Alikuwa na hofu ya kweli. Nikamwambia, "Panya wa ndani haliwi. Hakuna mtu huku anayemla panya wa ndani."

"Wewe unajuaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema najua kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Nikasema, "Nasikia."

"Unasikia," akasema. "Mimi siwezi kuacha watu wafe kwa sababu ya unasikia. Leo ni siku ya soko. Nitatangaza, na wewe utatafsiri."

Alipokwisha kutoka tu, mama yangu akaingia.

Sikujua kuwa anakuja. Alikuwa kwa ndugu zake Mnyambe tangu mavuno, akapata lori la mtu akasema aje anione. Nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kimakonde, kama tulivyozoea mimi naye. Akaitika, akakaa jikoni upande wa nyuma, asionekane na mkwewe. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo. Akitaka kumwambia neno, atanipa mimi nilipeleke. Alikuwa na kapu lililofunikwa kwa majani ya mgomba na kufungwa kwa kamba vizuri sana, na nilipoona lilivyofungwa nilijua kilichomo kabla hajalifungua.

"Samaki nchanga," akasema, anacheka. "Wajomba zako wamewatega, mimi nimewakausha mwenyewe. Walionona tu. Mpelekee mkwe wangu, umwambie mama hana kitu, ameleta hiki kidogo."

Niliona walivyopangwa ndani, wamelala safu kwa safu, wekundu kwa moshi. Kwetu mkwe haletewi panya wa hivihivi. Aliletewa waliochaguliwa, na wale wadogo wakaliwa na waliowatega.

"Mama," nikasema, "mume wangu hali."

"Hali nini? Nyama?"

"Hizi hali."

Alinitazama kidogo, akaona ni utani. "Mtilie karanga," akasema. "Atakula." Akainuka mwenyewe akalitundika lile kapu juu ya moshi wa jiko langu, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia angeliona. Kisha nikaitwa kutoka nje.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa ghala. Watu wa soko walikuwa wamekusanyika, kwa sababu kibarua alikuwa amegonga kipande cha reli kilichotundikwa kama kengele, na reli ile iligongwa tu kama kuna chakula cha kugawiwa au habari ya serikali. Akina mama wangu wa kupepeta walikuwa mbele. Wengi wa waliokuwapo walijua Kiswahili cha kutosha, lakini mume wangu alitaka lisemwe Kimakonde asije mtu akasema hakusikia.

"Waambie," alianza, "ndani ya ghala serikali imeweka sumu."

Nikasema.

"Waambie panya waliokufa wana sumu. Aliyewachukua awatupe. Asiwape watoto. Kama amekwisha kula, aje aseme, apelekwe hospitali."

Nikasema. Watu walitazamana. Sauti yangu ilikuwa inapungua, nikajikaza.

"Waambie tabia hii ya kula panya ni uchafu, na ndiyo inayoleta magonjwa. Watu wastaarabu hawali panya."

Nikasema kwa Kimakonde maneno mafupi tu, kwamba karani anaomba kila mtu awe mwangalifu. Nilidhani nimepita. Mume wangu hakujua Kimakonde, lakini hakuwa mjinga wa kupima urefu wa maneno.

"Hujamaliza," akasema. "Sema na lile la ustaarabu. Ndilo lenye maana."

Nilipoinua macho nilimwona mama yangu. Alikuwa amesikia reli akaja kusikiliza kama watu wengine, amesimama pembeni mwa nyumba, kanga imeteremshwa mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya heshima ya mkwewe. Nikalisema. Nilisema kwa lugha ya mama yangu, lugha aliyonifundisha yeye, kwamba wanaokula panya ni wachafu na si wastaarabu. Nilisema sawasawa, bila kukosea hata neno, kwa sababu Kimakonde changu kilikuwa kizuri.

Mmoja wa wale akina mama wangu, mwenye sauti nene, ambaye kila siku tulikaa bega kwa bega tukichekecha, alimpandisha mtoto vizuri mgongoni akasema:

"Mama Karani, tuulizie. Kwao pwani wakila samaki, wanakula na wale waliokufa wakaelea?"

Watu wakacheka.

"Panya tunayemla sisi," akaendelea, "anakaa porini, anakula mizizi na mtama wetu. Huyu wa ghala analala kwenye mkojo wake. Paka mwenyewe amemkimbia. Nani amchukue shimoni? Na wewe ndiye unayetutangazia, wewe? Mtoto wa Mnyambe?"

Hapo hawakucheka. Walinitazama tu, na nadhani ningependelea wacheke.

"Anasemaje?" mume wangu akaniuliza.

"Anasema hakuna aliyewachukua."

"Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo," nikasema.

Nilipogeuka, mama yangu hakuwapo pale pembeni. Nilimkuta jikoni amekwisha kulishusha lile kapu, analifunga upya kamba. Alifunga taratibu, kama mtu ambaye hana haraka.

"Mama, ngoja."

"Nangoja nini?"

"Hakujua. Hajui kama sisi..."

"Hajui kwa sababu hukumwambia." Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. "Kwa nini hukuniletea habari nisilete? Ningeleta kuku. Kuku wapo, mwanangu."

Nilijaribu kulishika kapu. Alinitoa mkono kwa upole, kama unavyomtoa mtoto kwenye moto. Akasema nimuagie mkwewe kwa heshima, kwamba mama amepita na ameona nyumba ni nzuri na safi. Kisha akaondoka kutafuta lori la kurudi Mnyambe. Sikumsindikiza. Ningelazimika kupita katikati ya soko pamoja naye na lile kapu.

Jua lilipoanza kulegea, alikuja mwanamume mmoja na baiskeli. Nyuma amefunga kitu katika gunia. Alinisalimu vizuri, akauliza kwa Kimakonde kama karani yupo, nikamwita. Yule mwanamume alifungua gunia. Ndani mlikuwa na mbwa wa kuwindia, mwembamba, amekauka kwa kufa, povu mdomoni.

"Mwulize karani," akaniambia, "ni nani anayetupa mizoga shimoni bila kufukia."

Nikamuuliza.

"Mwambie mbwa wangu alirudi asubuhi akatapika panya. Akatapika tena, akaanguka. Na wa jirani yangu wawili hivyohivyo. Mwambie ainame anuse."

Mume wangu aliinama. Hata mimi niliyekuwa nimesimama niliisikia ile harufu ya kitunguu saumu. Alikaa kwenye ngazi ya ghala, ile ile aliyosimama juu yake asubuhi, na suruali yake nyeupe ikagusa vumbi, wala hakuipangusa.

"Nasikia asubuhi alitangaza kwamba tumewala," yule mwanamume akasema. "Mwambie waliowala ndio hawa."

Nikatafsiri. Mume wangu akasema, "Mwambie samahani. Mwambie ni kosa la ghala, shimo lilibaki wazi, malori yalikuja..."

Kabla sijafungua mdomo yule mwanamume akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha shule.

"Nimesikia, bwana. Kiswahili nakijua. Nilikuwa nampa mkeo kazi yake."

Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Mume wangu alimwomba wamzike mbwa pale pale, yeye mwenyewe atachimba. Yule mwanamume alikataa, akasema mbwa wake atazikwa kwake. "Huyu alitulisha," akasema. "Ninachotaka ni kitu kimoja. Ulisema mbele ya watu. Useme tena mbele ya watu." Akafunga gunia, akasukuma baiskeli, hakuipanda.

Mume wangu alichukua sepetu akalifukia lile shimo kwa mikono yake, akaweka na mawe juu. Jioni tulikaa tumetazamana na chakula ambacho hakuna aliyekigusa.

"Mama yako amekwenda?"

"Amekwenda. Amekusalimu. Amesema nyumba ni safi."

"Vibarua wanasema alikuja na kapu. Aliniletea nini?"

"Panya."

Hakuelewa. "Panya wa nini?"

"Wa kula. Wa kukupa wewe heshima."

Akauliza bila kunitazama, "Na wewe ulikuwa ukila?"

"Nimekua nikiwala."

"Ungeniambia."

"Ungenioa?"

Alisema, "Ningekuoa." Lakini hakulisema upesi. Kabla hajalisema alitazama mikono yangu, iliyompikia tangu siku ya kwanza, na mimi nikaificha chini ya kanga. Nadhani hakujua kama ameitazama. Hatukuwahi kuzungumzia jambo lile tena, na alikuwa mume mwema kwangu mpaka alipofariki.

Soko lililofuata alisimama mlangoni pa ghala. Hakuniita. Alisema kwa Kiswahili, kwa maneno machache, kwamba panya walichukuliwa na mbwa, kwamba shimo liliachwa wazi na ghala ndilo lililokosa, kwamba hakuna mtu aliyekula kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mtu mmoja nyuma akasema hakusikia, naye akarudia yote tangu mwanzo. Nilikuwa ndani nyuma ya mlango, namsikia, nikamheshimu. La ustaarabu hakuligusa. Labda alilisahau, labda aliona halihusiani na mbwa.

Akina mama walirudi kazini. Panya walipungua, ghala likapakwa chokaa, na malori yalipokuja tena mume wangu aliyakataza mpaka njia za ufagio ziachwe. Bwana Shamba alipokagua mara nyingine alisema vizuri. Kazi ilikwenda kama kawaida. Ila wale akina mama waliacha kusema nami Kimakonde. Hawakuninunia. Walinisalimu, wakaniuliza kazi ya leo ni ipi, wakanijibu, yote kwa Kiswahili, polepole na kwa kutamka vizuri, kama mtu anavyosema na karani. Nikiwasemesha Kimakonde wananijibu Kiswahili. Jamvi ambalo nilikaa nao wakawa wananipangusia kwanza vumbi, halafu wanasogea kunipa nafasi, nafasi kubwa kuliko ninayohitaji.

Nilivumilia mpaka mvua zilipokaribia, kisha nikaomba ruhusa nikaenda Mnyambe. Nilitaka kumwomba mama msamaha, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilifika mchana. Wajomba walikuwapo na wake zao na watoto, wamekaa kwenye jamvi uani. Mama alinipokea kwa furaha, akanishika mashavu, akaniuliza habari ya mkwewe, afya yake, kazi yake, kama ghala limetulia. Nilianza kusema, "Mama, siku ile..." akanikatiza, akasema nimechoka na njia, nipumzike kwanza, nile.

Chakula kilipoletwa, wale wa jamvini waliwekewa sinia la ugali na bakuli la panya waliotiwa karanga. Niliisikia harufu kabla sijaona. Mimi niliwekewa kiti, na mbele yangu meza ndogo aliyoazima kwa mwalimu wa jirani. Akaleta wali. Akaleta kuku, amechinjwa kwa ajili yangu, na maji ya kunawa kwenye birika, na taulo.

"Mama," nikasema kwa Kimakonde, "nipe kule kwenye bakuli."

Alicheka kidogo, akanishika bega.

"Usijilazimishe, mwanangu," akasema. Alilisema kwa Kiswahili.

Nilinawa. Nikala kuku, wote, kwa sababu alikuwa amesimama karibu yangu anatazama kama chakula kimenipendeza, na kila mara akiniuliza kama niongezewe mchuzi.